Hataza Moja, Nchi Nyingi: Mwekezaji Ananunua Nini?

Mfanyabiashara anayeombwa kuweka fedha katika kiwanda kidogo huonyeshwa mambo mengi: mashine, hesabu za mauzo, mkataba wa pango na, mara kwa mara, karatasi yenye muhuri inayoitwa hataza. Mwenye kiwanda huongeza kwamba hataza hiyo ni "ya kimataifa" au "ya Afrika nzima", na kwa hiyo hisa zake zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana. Hapo ndipo mwekezaji anapotakiwa kusimama na kuuliza. Hakuna hataza ya dunia nzima, wala hakuna hataza ya Afrika nzima. Zipo, hata hivyo, njia za kupata ulinzi katika nchi kadhaa kwa ombi moja. Njia hizo hazifanani, na tofauti zake huonekana katika fedha.

Hataza ni haki inayotolewa na serikali kwa mvumbuzi ili azuie watu wengine kutengeneza, kuuza, kutumia au kuingiza nchini kitu alichokivumbua, bila ruhusa yake, kwa muda maalumu. Muda huo kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ombi lilipopokelewa. Kwa malipo ya haki hiyo, mvumbuzi hulazimika kueleza uvumbuzi wake waziwazi, ili muda ukiisha kila mtu aweze kuutumia.

Msingi wa jambo lote ni kwamba hataza huishia mpakani. Hataza iliyotolewa Kenya haina nguvu Namanga upande wa Tanzania. Mtu akitengeneza kitu hicho hicho Arusha na kukiuza Arusha, mwenye hataza ya Kenya hana la kumfanya. Lakini mtengenezaji huyo akikivusha mpaka kukiuza Nairobi, ameingia katika eneo la hataza na anaweza kushtakiwa.

MWAKA MMOJA WA KIPAUMBELE

Kabla ya kuzungumzia ombi moja kwa nchi nyingi, ni vema kuelewa sheria ya miezi 12. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama, unasema kwamba mtu aliyeomba hataza katika nchi moja ana miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama, na maombi hayo ya baadaye yatahesabiwa kana kwamba yaliletwa siku ile ya kwanza. Huo ndio unaoitwa kipaumbele.

Faida yake ni kubwa. Fundi anaweza kuanza kwa ombi moja la gharama ndogo nyumbani, kisha akatumia mwaka mmoja kupima soko na kutafuta wabia. Mwaka ukipita, nafasi hiyo imekwisha. Akichelewa, na wakati huo uvumbuzi wake umekwisha kuonekana hadharani, ombi lake katika nchi nyingine laweza kukataliwa kwa sababu kitu hicho si kipya tena.

Kwa sababu hiyo hiyo, fundi anayepeleka mashine yake kwenye maonyesho ya Sabasaba kabla ya kuleta ombi anajihatarisha. Sheria nyingi zina msamaha kwa baadhi ya maonyesho rasmi, lakini msamaha huo ni mwembamba na hautofautiani na mwavuli uliotoboka. Ombi litangulie, maonyesho yafuate.

NJIA YA KWANZA: OMBI MOJA, HATAZA NYINGI

Njia inayosikika zaidi ni ile ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, uliotiwa saini mjini Washington mwaka 1970 na kuanza kutumika mwaka 1978. Mkataba huu unasimamiwa na Shirika la Mali za Ubunifu Duniani, WIPO, lenye makao Geneva. Nchi wanachama ni zaidi ya 150. Kenya iliingia mwaka 1994, Uganda mwaka 1995 na Tanzania mwaka 1999.

Mvumbuzi huleta ombi moja. Ofisi maalumu hufanya upekuzi na kutoa maoni kama uvumbuzi unaonekana kuwa mpya. Ombi hutangazwa baada ya miezi 18. Kisha, kwa kawaida kabla ya miezi 30 kwisha tangu ombi la kwanza, mvumbuzi huchagua nchi anazozitaka hasa, na katika kila moja hulipa ada, huleta tafsiri panapohitajika na hufuata uchunguzi wa nchi hiyo.

Kwa hiyo Geneva haitoi hataza. Inachotoa ni muda na taarifa. Mtu anayesema ana "hataza ya kimataifa" mara nyingi ana ombi la namna hii tu, na ombi laweza kukataliwa au kuachwa likafa. Mwekezaji akionyeshwa namba ya ombi inayoanza na herufi WO, ajue kwamba hiyo ni namba ya tangazo la ombi. Bado si hataza.

Hata hivyo njia hii haidharauliki. Miezi 30 ni muda wa kutosha kwa mtu mwenye mtaji mdogo kujua kama soko lipo. Aidha, mtu binafsi ambaye ni raia na mkazi wa nchi zenye kipato kidogo, zikiwamo za Afrika Mashariki, hupunguziwa asilimia 90 ya baadhi ya ada za hatua ya kimataifa. Gharama za mawakala na za kila nchi hubaki palepale.

NJIA YA PILI: UCHUNGUZI MMOJA, FUNGU LA HATAZA

Njia inayowahusu zaidi wafanyabiashara wa Afrika Mashariki ni ile ya ARIPO, Shirika la Mali za Ubunifu la Kanda ya Afrika, lenye makao yake Harare, Zimbabwe. Shirika hili lilianzishwa kwa Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1976. Mamlaka yake ya kutoa hataza yanatoka katika Itifaki ya Harare, iliyopitishwa mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 1984.

Uganda na Kenya zimekuwamo katika Itifaki hiyo tangu mwaka 1984, Tanzania tangu mwaka 1999 na Rwanda tangu mwaka 2011. Majirani wengine waliomo ni pamoja na Zambia, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe. Ombi huweza kupelekwa Harare moja kwa moja au kupitia ofisi ya nchi, kama vile BRELA mjini Dar es Salaam au KIPI mjini Nairobi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mwombaji hutaja nchi anazotaka ulinzi. Harare hukagua kama karatasi zimekamilika, kisha huchunguza mambo matatu: je, uvumbuzi ni mpya, je, una hatua ya uvumbuzi, yaani mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo asingeubuni kwa urahisi, na je, unaweza kutumika viwandani. Harare ikiridhika, huziarifu nchi zilizotajwa. Kila nchi ina miezi 6 ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Ikinyamaza, hataza inatolewa na inakuwa na nguvu sawa na hataza ya nchi hiyo. Sheria ya Mali za Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, inatamka hivyo waziwazi.

Ombi likikataliwa Harare, mwombaji ana miezi 3 ya kuomba ligeuzwe kuwa ombi la nchi moja moja.

Mfano ulio rahisi ni wa shada la funguo. Mvumbuzi anapewa shada moja, lakini kila ufunguo unafungua mlango wake. Hataza ya ARIPO iliyotaja nchi nne ni hataza nne zilizofungwa pamoja. Mahakama ya Nairobi ikiibatilisha, imebatilishwa Kenya. Zile tatu zinabaki. Na mtu akiiba uvumbuzi huo Lusaka, mwenye hataza hawezi kwenda kushtaki Harare. Ataajiri wakili Lusaka, na kesi itafuata sheria ya Zambia.

Ulaya ina mpango wa aina hii hii. Mkataba wa Munich wa mwaka 1973 uliunda ofisi moja inayochunguza na kutoa hataza, kisha hataza hiyo hugawanyika na kuwa hataza ya Ufaransa, ya Ujerumani, ya Italia na kadhalika, kila moja na ada zake na mahakama zake.

NJIA YA TATU: HATAZA MOJA KWELI

Ziko sehemu mbili duniani zinazoonyesha vizuri hataza moja inayoishi na kufa kwa pamoja.

Ya kwanza ni OAPI, shirika la nchi za Afrika, nyingi zikiwa zinazotumia Kifaransa, lenye makao Yaoundé, Kamerun. Mizizi yake ni Mkataba wa Libreville wa mwaka 1962, uliofuatwa na Mkataba wa Bangui wa mwaka 1977. Nchi wanachama ni 17, nazo hazina ofisi zinazotoa hataza za peke yao. Mwombaji hachagui nchi: hataza ikitolewa, imetolewa kwa zote 17. Uamuzi wa mwisho wa mahakama ya nchi moja kwamba hataza ni batili huzifunga na nchi nyingine, isipokuwa pale sababu ni maadili au amani ya umma ya nchi husika.

Jambo moja laweza kuwashangaza wafanyabiashara wa mwambao. Visiwa vya Komoro vimo katika OAPI. Mtengenezaji wa Mombasa au Dar es Salaam mwenye hataza ya ARIPO, anayepakia bidhaa jahazini kwenda Moroni, hana ulinzi huko mpaka ahesabiwe Yaoundé.

Ya pili ni hataza ya pamoja ya Ulaya, iliyoanza tarehe 1 Juni 2023 kwa nchi 17 za Umoja wa Ulaya; Rumania iliongezeka mwaka 2024 na kuzifanya 18. Hapa mwenye hataza hulipa ada moja ya mwaka mahali pa zile za nchi moja moja, na mahakama moja husikiliza kesi. Mpango ulipoanza, ada za miaka 10 ya kwanza kwa jumla zilikuwa chini ya yuro 5,000. Hispania na Kroatia hazikujiunga, na Uingereza ilijitoa katika mpango huo mwaka 2020. Hivyo hata "hataza ya Ulaya" si ya Ulaya yote.

Uzuri wa njia hii ni unafuu na nguvu: amri moja ya mahakama huzuia bidhaa bandia katika nchi zote. Hatari yake ni hiyo hiyo ikigeuzwa: mshindani akishinda kesi moja ya kubatilisha, soko lote limekwenda kwa siku moja. Mwekezaji katika kampuni inayotegemea hataza moja ya aina hii ajue kwamba ameweka mayai yake katika kapu moja.

HESABU YA FUNDI WA MOROGORO

Chukulia fundi wa Morogoro aliyebuni mashine ya kukoboa mahindi inayotumia mafuta kidogo. Anapata hataza ya ARIPO, na katika ombi ametaja Tanzania, Kenya, Zambia na Malawi. Mwekezaji anataka kununua robo ya kampuni. Anapata nini?

Tanzania Bara, Kenya, Zambia na Malawi: kampuni inaweza kuwazuia waigaji, mradi ada zimelipwa. Kwa Zanzibar, ambayo ina Sheria yake ya Mali za Viwandani ya mwaka 2008 na ofisi yake ya usajili, mwekezaji aulize kwanza kabla ya kuhesabu.

Uganda na Rwanda: hazikutajwa. Mwigaji wa Kampala anaweza kutengeneza mashine ile ile na kuiuza Uganda bila kosa. Nchi ambayo haikutajwa wakati wake haiongezwi baada ya hataza kutolewa.

Kongo, Burundi na Sudan Kusini: hazimo katika ARIPO. Soko la Lubumbashi, hata likiwa zuri kiasi gani, halimo katika karatasi hii. Kadhalika Afrika Kusini na Nigeria, masoko mawili makubwa, hazimo katika ARIPO wala OAPI. Kila moja huombwa peke yake.

Sasa ada. Ada za kila mwaka hulipwa kwa kila nchi iliyotajwa, nazo hupanda kadiri hataza inavyozeeka. Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme wastani ni dola 100 kwa nchi kwa mwaka. Nchi nne ni dola 400 kwa mwaka, yaani dola 4,000 kwa miaka 10. Fundi angetaja nchi 15 ili ajivunie ramani kubwa, angelipa dola 15,000 kwa muda huo huo. Ikiwa anauza katika nchi nne tu, dola 11,000 zimekwenda kulinda masoko asiyoyafikia. Kwa kiwanda kidogo, hizo ni fedha za kununua chuma na kulipa mafundi.

Mwenye busara hutaja nchi za namna tatu: anakouza, anakotarajia kuuza karibuni, na anakoweza kutokea mwigaji mwenye karakana. Nyingine huziacha. Baadaye, soko likifa katika nchi mojawapo, anaweza kuacha kulipia nchi hiyo na kuendelea na zilizobaki.

ADA IKISAHAULIKA

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hataza ni mali ya aina hiyo hasa. Ada ya mwaka isipolipwa, upo muda wa ziada wa miezi 6 kwa faini. Ukipita, hataza inakufa, na uvumbuzi unakuwa wa kila mtu katika nchi hiyo. Mwigaji hahitaji kushinda kesi. Anangoja tu mwenye mali asahau.

Kenya ina mfano unaojulikana na mawakili. Hataza ya ARIPO iliyotolewa mwaka 1999 kwa pipa la taka linalofunguliwa kwa mguu ilizusha kesi kadhaa mahakamani Nairobi kwa miaka mingi, na suala la malipo ya ada za mwaka lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa. Pipa ni kitu cha kawaida, lakini somo lake si dogo: hataza yaweza kuwa halali siku ilipotolewa, na bado ikamgharimu mwenyewe kesi baada ya kesi kuthibitisha kwamba ingali hai.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Mfanyabiashara asiye na uvumbuzi wowote naye ana faida ya kupata hapa. Kwa kuwa hataza huishia mpakani, uvumbuzi mwingi wa Ulaya, Marekani na Asia haukuombewa ulinzi Afrika Mashariki kabisa. Maelezo yake, pamoja na michoro, yametangazwa na husomwa bila malipo. Karakana ya Mwanza inaweza kutengeneza kitu hicho kihalali na kukiuza mahali ambapo hakuna hataza. Haiwezi kukipeleka kwenye nchi yenye hataza hai. Kabla ya kuanza, upekuzi ufanywe katika ofisi ya nchi na katika daftari la ARIPO pia, kwa sababu hataza iliyotolewa Harare huenda isionekane kwa anayetazama daftari la nchi peke yake.

Waagizaji wa bidhaa nao wawe waangalifu. Bidhaa iliyotengenezwa kihalali ng'ambo yaweza kuzuiwa bandarini ikiwa nchi inakoingia ina hataza na mwagizaji hana leseni. Kuhusu bidhaa halisi zilizouzwa ng'ambo na mwenye hataza mwenyewe, sheria za nchi hutofautiana, na ni vema kumwuliza wakili kabla ya kufungua barua ya dhamana benki.

Kwa wauzaji wa dawa, nchi maskini zaidi zilizo katika Shirika la Biashara Duniani, zikiwamo Tanzania, Uganda na Rwanda, zimeruhusiwa kutolinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Kenya haimo katika kundi hilo. Ruhusa hiyo haijitekelezi yenyewe. Hutegemea kama sheria ya nchi imeitumia.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Mwekezaji anayeonyeshwa hataza ya nchi nyingi na aulize yafuatayo, na apate majibu kwa maandishi:

1. Hii ni hataza iliyokwisha kutolewa, au ni ombi tu?

2. Ni ipi kati ya njia tatu, na nchi zipi zimetajwa kwa majina?

3. Tarehe ya ombi ni lini? Hataza iliyoombwa miaka 17 iliyopita imebakiwa na miaka 3 tu, hata kama cheti kinang'aa.

4. Ada za mwaka zimelipwa hadi lini, kwa kila nchi? Stakabadhi ziko wapi?

5. Jina lililo katika daftari ni la kampuni au la mtu binafsi? Ikiwa ni la fundi mwenyewe, mwenye hisa za kampuni hajanunua hataza.

6. Je, leseni imekwisha kutolewa kwa mtu mwingine, na katika nchi ipi?

7. Hataza inalinda kitu gani hasa? Ulinzi hukaa katika madai yaliyoandikwa mwishoni mwa maelezo. Jina la mashine au picha yake havitoshi.

8. Je, sheria ya nchi husika inaitambua hataza ya kanda? Katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, mkataba wa nje huhitaji kuingizwa katika sheria za Bunge ndipo mahakama zitegemee.

Majibu hayo yakipatikana, ramani ya kweli ya mali huonekana. Mwaka 2016 Umoja wa Afrika ulipitisha hati ya kuunda shirika la mali za ubunifu la bara zima, lenye makao Tunisia, lakini shirika hilo halijawa ofisi ya kutoa hataza. Kwa hiyo bara linabaki na ARIPO upande mmoja, OAPI upande mwingine, na nchi kubwa kadhaa zinazojitegemea. Bei ya hisa ihesabiwe kwa nchi ambazo ada zake zimelipwa na ambako bidhaa zinauzwa. Nchi zilizobaki zisiingizwe katika hesabu.